Siku Saba za Shelisheli

Jumanne, 9 Februari 1999

Siku ya nne katika ratiba ya safari yetu bado inatugombanisha. Mimi nimeandika tupumzike. Mama Saidi anataka tuvuke hadi kisiwa cha Praslin akaione minazi yenye nazi kubwa kuliko kichwa cha mtu.

"Mwalimu," amesema leo, "miaka thelathini ukiwafundisha watoto wa watu visiwa hivyo, mkeo ukimwambia likizo ijayo. Safari hii hunikimbii!"

Nikacheka naye. Sikumwambia kwamba daktari hapa Msambweni alinieleza mwezi uliopita kuwa moyo umechoka, huenda nisiifikie masika. Naendelea kuzipanga siku saba kwa penseli kwa sababu naogopa uso wake atakapojua. Mwenyezi Mungu anisamehe uongo huu.

Alasiri nilifungua sanduku letu la safari kutafuta miwani. Chini ya kanzu zangu Mama Saidi amekunja sanda.

Watu wetu hubeba sanda wakienda Hija. Sijamwona aliyeibeba kwenda kutazama minazi.

Aliporudi kutoka sokoni nilimuuliza mbona sanduku zito.

"Ukisafiri na mzee, unabeba vyote," akasema. Hakuniangalia.

Nikafuta mapumziko, nikaandika Praslin.