Tumechagua injini nyepesi

Jumapili, Nachingwea

Hatimaye tumekubaliana, na binamu yangu Somoe hajajitoa! Asubuhi nikienda kwao Ruangwa nilikuwa na hofu hiyo. Yeye alitaka gemu yetu tuitengeneze kwa injini ile kubwa, yaani programu ya kutengenezea gemu, kwa sababu inafika moja kwa moja kwenye konsoli, zile mashine za kuchezea gemu kwenye runinga. Mimi nilitaka ile nyepesi, ya bure.

Kila mmoja alikuwa ametengeneza kipande kilekile kwa injini yake: mkulima anafukuza nyani kwenye mikorosho. Kipande cha Somoe kiliichemsha laptop yetu, picha ikaganda, kisha laptop ikazima kabisa. Changu kilikwenda vizuri mpaka mama yake akaacha kupepeta ufuta, akaomba naye acheze.

"Mbona huyu nyani ana adabu hivi?" akauliza. "Nyani wa kijijini Nandagala ukiwafukuza wanakugeukia!"

Somoe akacheka mpaka akakaa chini. "Haya, umeshinda. Tunaanza na nyepesi."

Bado naogopa. Kuihamishia gemu kwenye konsoli tutahitaji fundi, na hatumjui hata mmoja. Lakini kazi ya kesho naijua: kumfundisha nyani ukorofi.