Kwa Bibi, Uliyetwanga Mtama wa Watu Kivinje

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Marahaba yako siisikii tena, lakini siwezi kuanza na neno jingine.

Leo nimetwanga tangu alfajiri na mabega yananiuma, ndiyo maana nimekukumbuka. Hukuzaliwa kwenye kutwangia watu. Ulikuwa na shamba lako milimani, Umatumbi, ukilima na mwanao, baba yangu. Kisha likaja shamba la pamba la akida wa serikali ya Mdachi, mkawa mnalima la kwake kwanza, la kwenu mnaligusa jua limeshazama.

Vita vilipoanza, jirani yetu Mzee Kindamba alipita nyumba hadi nyumba akiwaita wanaume wakanywe dawa. Risasi za Mdachi zitageuka maji, alisema. Ulisimama mlangoni ukamwambia, "Kindamba, mimi ninaye huyu mmoja tu." Baba akajibu mwenyewe, "Mama, bora niende kuliko kuchapwa viboko kwa ajili ya pamba ya mtu." Ulimfungia mtama wa njiani. Hakurudi.

Askari wakachoma nyumba na maghala. Tulichimba ming'oko, mizizi ya porini, mpaka ikaisha, na mama akafa kwa njaa. Ukanishika mkono tukashuka Kivinje, wawili tuliobaki.

Ulitwangia nyumba za wafanyabiashara. Ujira wako ulikuwa kibaba cha mtama, na pumba ukizitaka. Ulizitaka. Mwenye nyumba mmoja alipolalamika kwamba unga una mchanga, ulimjibu kwa adabu, "Mchanga ni wa Kivinje, bibi. Mimi sikuja nao." Nilicheka, na wewe ukanifinya nisicheke mbele yake.

Halafu mchana mmoja akatokea mtu uani, mbavu nje, kaniki iliyochakaa kiunoni. Nilimtambua kabla yako.

"Bibi, usimpe kitu. Ndiye aliyemchukua baba."

Ukasonga ugali, ukamwekea na maji ya kunawa. Nilipokataa kula naye ulisema, "Usile basi. Lakini mtu mwenye njaa sitamfukuza."

Kindamba alipomaliza kula alisema, "Nimekuja kukueleza mwanao alipolala."

Ulikuwa umesharudi kwenye kinu. "Eleza," ulisema, bila kuacha kutwanga.

Akaeleza. Baba alipigwa risasi kwenye kivuko cha mto, akafa mikononi mwake. Walimzika haraka palepale ng'ambo, maana askari walikuwa nyuma yao. Aliyasema yote hayo katikati ya mapigo ya mchi. Ulipomaliza uliuchekecha ule unga, ukaupeleka kwa wenyewe, ukarudi. Ndipo ukaulaza mchi chini, ukalia mpaka magharibi. Kindamba hakuondoka. Alikaa pembeni naye akilia.

Tangu hapo akapata kazi ya kupakua mizigo forodhani, na kila Ijumaa alituletea kuni. Wewe ulimpokea. Mimi sikumwamkia, mwaka hata mwaka, na hukunilazimisha.

Ulitwanga mpaka nikaolewa, ukaendelea kutwanga. Nikikuomba upumzike uliniambia, "Mke mwenzangu, nikipumzika nitafikiri." Masika yaliyopita mikono ikakataa. Ukajilaza, na baada ya wiki chache ukaenda zako kimyakimya, kama mtu asiyetaka kusumbua. Mzee Kindamba alibeba jeneza lako toka uani mpaka makaburini. Vijana walitaka kumpokea, akakataa. Aliporudi nikamwambia, "Shikamoo, babu." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu."

Sasa Wadachi wana vita vingine na Waingereza, na mume wangu wamemchukua awabebee mizigo. Walimkuta sokoni, hata kuagana hatukuagana. Natwanga katika nyumba zilezile ulizotwanga wewe, mtoto mgongoni. Wengine wananiambia nivumilie. Navumilia, nifanyeje?

Lakini nimechoka, Bibi. Siku nyingine nachoka kabla sijaamka. Wewe sikuwahi kukusikia ukilitamka neno hilo. Zamani nilidhani hukuchoka. Sasa naona ulikuwa huna wa kumwambia, maana nyumbani tulikuwa wawili na mmoja wetu alikuwa mtoto.

Mimi ninaye wa kumwambia. Ndiyo maana nimeandika, kwa herufi zangu hizi mbovu za chuo cha Kurani.

Lala, Bibi. Kesho hutwangi.

Mjukuu wako na mke mwenzio,
Somoe