Kichwa cha Mwenye Meza

Kamere, Naivasha
2008

Kwako Mama,

Nakusalimu sana kutoka huku ziwani. Baridi ya Dundori bado inakusumbua magoti? Na ile ng'ombe nyeusi imezaa? Mimi mwili uko sawa, lakini moyo umeumia.

Najua Baba amemtuma kaka aniambie nifunge meza ya samaki nirudi nyumbani. Naomba unisikize kwanza, kisha wewe ndiwe utamweleza.

Unamkumbuka Mama Otieno niliyekuwa nikikuhadithia, yule jirani muuza samaki aliyenichukua kibarua changu cha shamba la maua kilipoisha? Siku ya kwanza alinipa samaki nikaange. Sasa mimi mtoto wa viazi ningejua nini? Nikakata vichwa vyote nikawarushia paka. Wateja wakaja, "Kichwa kiko wapi?" Nikawajibu ati nimewasafishia. Wui! Nilidhani watanipiga. Mama Otieno akacheka mpaka akakaa chini. "Wewe msichana, nyama tamu umelisha paka, watu umewapa mikia!"

Hakunifukuza. Alinifundisha kuchagua samaki kwa kutazama macho yake, na kubishana na wavuvi bila kuinamisha kichwa. Mama, sikuwa nimewahi kuona mwanamke akitajiwa bei na mwanamume, anasema hapana, na mwanamume anarudi kubembeleza. Kwetu unakamua wewe, halafu Baba ndiye anaongea na mnunuzi wa maziwa. Sikulaumu. Ni vile tu sikujua kuna njia nyingine.

Jioni, akishamaliza kuuza, alikuwa anabakisha kichwa kikubwa kuliko vyote, anakila polepole mbele ya watu. Wanaume wakimtania, anawaambia, "Hiki ni cha mwenye meza. Tafuteni meza zenu."

Halafu ikaja ile Januari ya fujo za uchaguzi. Vijana waliokuja na panga kumtafuta kwa sababu ya kabila lake walikuwa wakiongea lugha yetu, Mama, hii uliyonilea nayo. Nilisimama mlangoni nikawaambia ameshaenda, na yeye alikuwa chini ya kitanda changu. Asubuhi yake alipanda lori na watoto kuelekea upande wa Kisumu, mahali hajaishi tangu akiwa msichana. Aliniachia karai na meza. Hata kuagana hatukuagana vizuri, watu walikuwa wanasukumana.

Sasa nakaanga peke yangu. Wengi waliopenda vichwa wamekwenda, na waliobaki wananiambia nikate nitupe. Sikati. Nalia juu ya karai, nasingizia moshi. Nimekuwa nikikalia kile kiti changu cha pembeni mwa meza, maana chake nilikuwa siwezi kukikalia.

Juzi akapiga simu. Anauza nyanya kando ya barabara, na sauti yake imechoka. Nikamwuliza atarudi lini. Yeye akaniuliza, "Kichwa cha jioni anakula nani?"

"Hakuna. Nakiweka tu mpaka kinaharibika."

"Kwani mwenye meza ni nani?"

"Ni wewe."

"Hapana, mwanangu. Kula."

Hapo ndipo nilijua harudi. Jioni ile nilikila chote, mbele ya watu, machozi yakitiririka, na hakuna aliyenitania.

Kwa hivyo mwambie Baba sirudi. Na shule zikifungwa, tafadhali nitumie Wangari. Sitaki mdogo wangu akue kama mimi, akidhani mwanamke hawezi kutaja bei. Mimi nilibahatika kumwona mmoja, na sasa amefukuzwa. Wangari atamwona nani?

Nisalimie Baba, hata akiwa amekasirika. Nisalimie shangazi anayekusaidia kuvuna viazi, na kaka aliyepewa maneno mazito ya kubeba. Wangari mwambie hapa samaki hukaangwa pamoja na kichwa chake.

Mwambie pia kiti cha pembeni kiko wazi. Mimi nimehamia kile cha Mama Otieno.

Ni mimi binti yako,
Njeri