Mita Moja, Nyumba Kumi na Mbili

Ploti ya Kagiri,
Kongo, Kawangware.
Jumatatu, 9 Juni 2025.

Mpendwa dada Marion,

Habari za Homa Bay? Goti lako linaendeleaje? Mama naye amepunguza kukohoa? Sisi huku tuko wazima, ila kichwa changu kinazunguka na sina wa kumwambia isipokuwa wewe.

Kuna watu wa mradi walikuja kanisani wakasema familia zisizojiweza zitalipiwa nusu ya bili ya maji. Tukapiga vigelegele! Kumbe fomu ni moja kwa kila mita, na kila mita lazima iwe ya familia moja. Sasa ploti yetu ina nyumba kumi na mbili na mita moja. Ukiona bili yetu utadhani hapa anaishi tajiri mwenye swimingi puli.

Wapangaji wakakaa wakaamua tujiandike familia moja. Ati mama ni mimi, kwa sababu nafua nguo za watu na ndimi ninayemaliza maji. Landlodi, Mzee Kagiri, kwa vile mita ina jina lake, akaandikwa bwana yangu. Na Oloo, dada, Oloo huyu niliyefunga naye ndoa ukiona, ameandikwa mtoto wangu, kifungua mimba! Yeye anacheka tu. Mimi sijui nicheke ama nilie.

Alhamisi afisa anakuja kuona hiyo familia. Nikidanganya, Jumapili nitaimba kwaya na mdomo gani? Nikisema ukweli, hatusaidiwi, na Kagiri ameapa kufunga mfereji bili isipopungua. Bila maji sina kazi. Halafu najiuliza, kwani ni uongo kabisa, na maji tunakunywa pamoja? Aki sijui.

Jana nilikuwa nimeamua kusema ukweli. Jioni mlango ukabishwa. Ni Nzilani, jirani ambaye hatujasalimiana tangu tugombane kwa foleni ya maji. Akanipa cheti cha kuzaliwa cha binti yake, Mbula. Akasema, "Shika. Afisa akiuliza, huyu ni wako." Akaenda bila hata kuniangalia.

Dada, Mungu namwogopa. Lakini hicho cheti siwezi kukirudisha.

Nipigie kabla ya Alhamisi. Nisalimie Mama, shemeji Okello na Austine. Mungu awafunike nyote.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata nikikusumbua,
Caren