Paa la Gari la Wazi

Mjukuu wangu Wafula,

Nyanya yako na mimi tuko salama hapa Lanet, ila magoti yake yanalalamika kuliko yeye mwenyewe. Nimeona picha ya lile gari lako kuukuu la wazi. Umelifungua mpaka nati ya mwisho, na sasa unauliza kama unaweza kulishonea paa nyumbani. Wewe kijana utaniua.

Miaka ya hamsini nilikuwa dereva wa mzungu mmoja huko Subukia, naye alikuwa na gari kama hilo. Kila Jumapili aliliongezea kitu, kila Jumatatu nikalirekebisha. Nikamwambia paa aniachie mimi. Nilisoma mpaka darasa la nne tu, lakini kwa mkasi hakuna fundi Nakuru aliyenifikia. Kwa shukrani akaniazima gari siku ya harusi yangu.

Turubai la paa lilikuwa jipya, nami nililikaza lisibaki hata kunjo moja. Njiani mvua ikanyesha, likanywea, vifungo vikaruka kimoja kimoja. Nilifika nyumba za reli kumchukua bibi harusi nikiwa nimelowa chapachapa.

Nyanya yako akalitazama gari. "Hukuliloweka turubai kabla ya kulikata?"

"Turubai la kuzuia maji, nilitie majini?"

"Baba hushona maturubai ya mabehewa, na huyaloweka kwanza yanywee. Ungeuliza tu, bwana mkubwa."

Nilidhani atarudi ndani na harusi iishie hapo. Akakunja gauni, akaketi, akafungua mwavuli wake. Tulifika kanisani yeye mkavu, mimi bata.

Basi usinitumie picha tena. Nyanya yako anataka vipimo, na anasema turubai uliloweke leo.

Babu yako, ambaye kwa mkasi bado hana mpinzani.