Uso Uliosimama Nyuma

Nyumbani, chumba cha mbele
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa kaka,

Hujambo huko uliko? Kile kifua kimeacha kukusumbua? Sisi tu wazima. Mama magoti yanamuuma, ila ulimi ungali mkali vilevile.

Simu yangu ilipojaa, fundi simu wa mtaani aliniuzia kikompyuta kidogo kama kipande cha sabuni, ili picha zetu zote zikae humu humu nyumbani, hata za albamu za baba. Alinionya, "Dada, hiki hakina nguvu. Kitakwenda mwendo wa kobe." Kina programu ya kutambua nyuso na kuzikusanya, kila mtu na fungu lake. Kilichukua siku kumi na tisa, kikichemka juu ya kabati hadi paka akahamia hapo.

Kilipomaliza, fungu lako lilikuwa na picha mia mbili na sita. Nikafurahi, nikaanza kuzifungua.

Kaka, umo kwenye mazishi ya baba. Umesimama nyuma ya waliobeba jeneza, na shati jeupe. Umo kwenye harusi yangu, karibu na mlango. Umo kwenye mahafali ya shule ya msingi ya binti yangu mwaka juzi, una mvi. Wewe uliyeondoka miaka kumi na minane iliyopita! Au ulikuja kimyakimya? Niambie ukweli, sitanuna.

Nilidhani mashine imechanganya. Fundi akaikuza ile ya mazishi, akailinganisha na picha yako ya pasipoti. "Ni yeye," alisema, na hakutaka hata soda.

Nikampelekea mama. Alitazama mpaka chai ikapoa. Kaa chini kabla hujaendelea kusoma. Mlizaliwa wawili, kaka. Wa pili mkunga alimviringisha nguo akatoka naye, akasema hakulia. "Sikumwona, mwanangu," mama aliniambia. "Niliambiwa tu." Baba alikataza lisitajwe tena.

Nimeuliza shangazi, nimeuliza mpiga picha wa harusi, nimeuliza waliosimama naye bega kwa bega. Hakuna anayemkumbuka.

Alhamisi mchana nilipiga picha ya lango letu jipya nikutumie. Nilikuwa peke yangu, naapa. Kikompyuta kikaitafuna polepole, jioni kikaitia kwenye fungu lako. Amesimama langoni, mkono kwenye komeo, ananitazama.

Mama akataka atengewe fungu lake. Programu ikauliza, "Huyu ni nani?" Akaandika mwenyewe, kwa kidole kimoja, jina alilokuwa amemchagulia. Tangu hapo hataki lango lifungwe. Mimi naogopa, kaka, lakini silifungi.

Nitumie picha yako ya leo, nione mvi zako ziko wapi.

Shangazi anakusalimu, na binti yangu pia. Msalimie sana shemeji, na yule kitinda mimba wenu Domo Kaya. Mungu akulinde, wewe na mwenzio.

Ni mimi dada yako, nikupendaye siku zote.