Mama Mkwe Kafutwa Kwenye Kwaya

Jumapili, Makambako

Yaani katika kwaya nzima, programu yangu imemfuta mama mkwe!

Orodha ya wanakwaya kwenye kompyuta yangu inafuata alfabeti. Waliohamia Njombe walikuwa namba tatu na namba nane, nami nikaiagiza programu ianze kumfuta wa tatu, kisha wa nane. Alipotoka, wote wa chini yake wakapanda nafasi moja. Mama mkwe, aliyekuwa wa tisa, akawa wa nane. Akafutwa.

Leo kanisani mwalimu wa kwaya hakulisoma jina lake. Mama akanivuta pembeni: “Mkwe, sauti yangu imeanza kukukera lini?”

Nilipomweleza, alicheka. “Kwenye benchi tunatoka kuanzia mwishoni, hakuna anayesogezwa.”

Nimeirudisha orodha ya mwanzo na kugeuza mpangilio wa kufuta: wa nane kwanza, ndipo wa tatu. Ninachoogopa sasa ni mke wangu kuniuliza kama nilisikitika mama yake alipofutwa.